Mlima Umefanya Nini?

Katika familia zetu za Ujiji zilizotoka ng'ambo ya ziwa, mlima wa Ubwari una sifa kubwa kuliko sura. Sifa zake nilizisikia kabla sijajua kuhesabu: mlima una mvua yake wenyewe, mlima ukivaa wingu mvuvi mwenye akili habandui mtumbwi, mlima hauonyeshwi kwa kidole bali kwa kidevu. Sura yake, hata hivyo, hakuna aliyekuwa tayari kuniapia kwamba anaijua. Babu, aliyezaliwa kule na kuvushwa huku akiwa mtoto wa mgongoni, alituonyesha kila siku baada ya swala ya alasiri. Hakuinuka kitini. Aliinua kidevu kuelekea magharibi, na sisi wajukuu tukakifuata kidevu hicho mpaka kwenye ukuta wa choo cha jirani, macho yakaishia hapo.

Kwa asiyefika huku: Ubwari ni rasi yenye milima, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini. Imeshikana na bara kwa kusini, ikanyooka kwenda kaskazini, na kati yake na bara kukabaki ghuba ambayo ramani zinaiita Ghuba ya Burton. Mji wa Baraka umekaa upande wa pili wa ghuba hiyo, unatazamana na mlima kifua kwa kifua. Sisi wa Kigoma na Ujiji tuko mashariki, na katikati kuna zaidi ya kilomita 50 za maji. Siku ya heri ukisimama huku unaona ng'ambo mstari mrefu wa buluu, hauna mwanzo wala mwisho. Hiyo ni Kongo, hakuna ubishi. Ubishi ni kwamba katika mstari ule mzima, Ubwari ni upi? Babu alisema ni ule ulionyooka. Mjomba alisema ni ule wenye mapembe mawili. Shangazi, ambaye hajashindwa mabishano tangu aolewe, alisema ni ule ulio nyuma ya hiyo yote inayoonekana, na hadi leo hajapatikana wa kumpinga.

Nisiwalaumu wazee wangu. Watu waliotumwa rasmi kuja kutazama sehemu hizi, kwa gharama za Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, hawakuona vizuri zaidi. Richard Burton na John Speke walifika ziwani Februari 1858. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho mkali kiasi kwamba siku ile wenzake wanashangilia ziwa, yeye aliona utando wa mwanga tu. Burton siku ile aliliona ziwa, ila miguu ilikuwa imegoma, anabebwa. Mwezi uliofuata Speke akavuka ziwa kwenda kutafuta jahazi la kukodi. Usiku mmoja mdudu akamwingia sikioni, akajaribu kumtoa kwa kisu cha mfukoni, akabaki kiziwi wa sikio hilo kwa miezi. Mwezi wa Aprili ndipo wote wawili walipopanda mitumbwi kwenda kaskazini wakapita Ubwari, mmoja hasikii vizuri, mwingine ulimi umejaa vidonda hawezi kuongea sawasawa. Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Rasi nzima, yenye shingo iliyounganika na bara, ikawa kisiwa! Na ghuba aliyoikosea ndiyo iliyopewa jina lake. Babu yangu alikosea kwa kidevu tu, hajapewa hata kichochoro.

Tungeendelea kuishi hivyo, kila mtu na mlima wake, lau dada yangu mdogo asingeolewa na mtu wa Moshi.

Shemeji ni mtu mzuri. Anasalimia wakubwa, anakula migebuka na miiba yake bila kulalamika. Lakini amezaliwa chini ya Kilimanjaro, na mtu aliyezaliwa chini ya mita 5,895 za mlima ana namna yake ya kutazama milima ya wenzake. Jioni ya kwanza barazani, baada ya babu kumaliza hadithi za Ubwari, shemeji akauliza kwa adabu zote: "Sasa babu, uko wapi?" Babu akainua kidevu. Shemeji akatazama ukuta wa choo cha jirani, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema kwao mlima unaonekana hata ukiwa stendi ya mabasi unagombania siti.

Hapo ukoo ukaingia vitani. Nikakabidhiwa mimi kazi ya kumtembeza shemeji mjini mpaka aione Ubwari, na kuagizwa tusirudi bila kuiona. Ilikuwa Julai. Mtu yeyote wa Kigoma anajua Julai ni nini: kiangazi kimekomaa, pande zote mbili za ziwa watu wanachoma mashamba na majani, na moshi unatanda juu ya maji mpaka jua la jioni linazama katikati ya anga, mbali kabisa na mlima wowote.

Tulianzia Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali ambapo Stanley alimkuta mzee yule mwaka 1871. Niliamini kwamba kama Wazungu wawili walikutana pale, lazima palikuwa na la kutazama. Wakati ule maji yalikuwa jirani. Tangu hapo ziwa limerudi nyuma na mji umelifuata. Kuna miembe miwili inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wenyewe, imestawi vizuri sana, na imesimama kati yetu na Kongo. Shemeji akapiga picha sanamu za wale wazee wawili wakivuliana kofia. Akaniuliza kama na wao walikuwa wanautafuta mlima.

Tukapanda kwenda hoteli moja ya kilimani, ya aina ambayo soda moja inauzwa bei ya kreti. Tukakaa kwenye veranda inayotazama ziwa. Mhudumu, kijana mpole mwenye tai, akaja kutusikiliza. Nikamwambia sisi tumefuata Ubwari. Akainama kidogo, akaenda jikoni kuuliza, akarudi akatuambia kwa masikitiko kwamba imeisha.

Tukashuka upande wa bandarini. Moshi ulikuwa uleule. Ili siku isiende bure nikamsimulia shemeji habari za MV Liemba: ilivyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa hapahapa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui, ikalala chini ya maji miaka, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi shemeji msikate tamaa. Huenda na mlima wenu utaibuliwa."

Sikulala usiku ule.

Asubuhi nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia, mtu wa Kasulu, ambaye huwa anatucheka sisi tuliotoka ng'ambo kwamba tunapenda nchi tusiyoiona. Akanikalisha, akachukua chaki (bado anazo nyumbani, asiulizwe amezitoa wapi) na kuchora duara kwenye sakafu ya saruji. Dunia ni mviringo, akasema, na ziwa nalo limevimba kufuata dunia. Mtu mzima akisimama ufukweni, macho yake yakiwa karibu mita 2 juu ya maji, upeo wake uko kilomita 5 tu. Kinachokaa mbele ya hapo kinaanza kuzama miguu. Mlima ulio zaidi ya kilomita 50 umeshazama mita zaidi ya 150 za chini yake: nyumba za pwani, minazi, mitumbwi iliyoanikwa, vyote viko nyuma ya maji. Ukipanda kilima cha mita 100 juu ya ziwa, upeo unasogea mpaka kilomita 35 hivi, na mlima unaanza kurudishiwa miguu yake. "Kwa hiyo tatizo lenu la kwanza," akasema, "ni kutazamia barazani."

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Akawasha dira kwenye simu yake, akaweka ramani pembeni, akaniambia Ubwari kutoka Kigoma iko kaskazini-magharibi. Babu siku zote ameonyesha magharibi kavu.

"Kwa hiyo babu alikuwa anaonyesha nini?"

Akapima tena. Ukifuata kidevu cha babu mpaka ng'ambo, unatua kusini ya Ubwari, pande za Kibamba. Na Kibamba nayo si mahali padogo katika historia: ndiko Che Guevara alikotua alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965, akitokea hapa Kigoma kwa mashua, akaipanda milima ile na Wakuba wake kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Walijipa majina ya namba ili wasitambulike. Kiongozi wa kundi akawa Moja, mwenzake Mbili, na yeye Che akachukua Tatu. Novemba mwaka uleule wakarudi huku mambo yameharibika. Nikaenda nyumbani mbio. Nikamweleza babu, kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi, kwamba mlima aliotuonyesha maisha yetu yote si Ubwari lakini usijali, ni mlima maarufu duniani, alikaa Che Guevara.

"Wa ukoo gani?" babu akauliza.

Nikamwambia ni Muajentina, kule Kongo alijiita Tatu.

"Tatu? Alikuwa mwanamke?"

Mazungumzo yakafungwa hapo, na kiti cha babu hakikugeuzwa hata nyuzi moja.

Ikabidi tumtafute shahidi wa ng'ambo. Ninaye binamu anayekaa Ubwari kwenyewe, upande unaotazama Tanzania, mvuvi na mkulima wa mihogo. Kumpata kwenye simu si jambo jepesi, kwani naye ana mahali pake pa kupandia kutafuta kitu cha mbali: jiwe fulani juu ya kijiji ambako mtandao hufika. Akiwa juu ya jiwe anapatikana, akishuka, amekwenda. Tukapanga hivi: asubuhi jua likiwa mashariki, linatuangaza migongo sisi na kumwangaza yeye usoni. Basi apande mlimani na kioo, autupie mwanga Kigoma. Pale kitakapomeremeta, ndipo Ubwari. Mwalimu aliidhinisha, akasema majeshi yamewahi kuzungumza hivyo jangwani kwa umbali mkubwa kuliko wetu. Tukakubaliana saa mbili kamili asubuhi.

Saa moja na nusu ukoo mzima ulikuwa kilimani juu ya mji. Babu aliletwa na bajaji mpaka ilipokomea, kisha akabebwa, jambo ambalo lilimweka sawa na Burton. Chai ilikuwa kwenye chupa, maandazi kwenye beseni. Saa mbili ikafika. Hakuna kitu. Saa mbili na robo, hakuna. Saa mbili na nusu mjomba akaanza kusema watu wa ng'ambo si wa kutegemewa, akasahau kwamba yeye ndiye mtu wa ng'ambo. Saa tatu kasorobo jua likawa kali, tukafungasha beseni tukashuka. Alibaki mtoto wa dada mkubwa, wa darasa la pili, aliyekuwa anatafuta kandambili yake.

Akarudi nyumbani saa tatu na nusu, anahema. "Kuna nyota imewaka ng'ambo! Mchana! Inazima, inawaka!"

Binamu alikuwa ametimiza ahadi, dakika kwa dakika, saa mbili kamili. Saa mbili ya kwao. Tanzania inafuata saa ya Afrika Mashariki na Kivu Kusini inafuata saa ya Afrika ya Kati. Sisi tuko mbele kwa saa nzima. Watu wawili mnaoweza kuonana kwa kioo, mnakula samaki wa ziwa moja, lakini mmoja ananywa chai wakati mwenzake anatafuta kiberiti. Tukamzunguka mtoto. Mwanangu, ile nyota iliwaka wapi hasa? Tukamrudisha kilimani atuonyeshe mwenyewe. Akasimama, akatazama ng'ambo kwa utulivu wa mtu mzima, kisha, Mungu ni shahidi, akainua kidevu.

Mpango wa pili ulikuwa moto. Wa usiku, na saa itakuwa ya kwao. Hapa tukafikiri kama watu wa ziwa. Usiku wa giza haufai, kwa sababu dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na taa za wavuvi zikitanda majini huwezi kutofautisha Kongo na ziwa. Tukachagua usiku wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamelala. Binamu akakusanya kuni za kutosha mlimani. Sisi tukapanda tena na chai. Ikawa Agosti sasa, na shemeji alikuwa ameomba kuongezewa likizo; nadhani kwa sababu hajawahi kupata burudani ya namna ile Moshi.

Saa ilipofika, ng'ambo ukawaka moto mmoja. Tukapiga kelele. Kisha shemeji akasema upo na mwingine kushoto. Na mwingine juu yake. Macho yalipozoea giza tukaona kwamba mstari wote wa Kongo, kutoka kusini mpaka kaskazini, ulikuwa na mioto. Agosti! Kila mwenye shamba alikuwa amechagua mwezi uleule. Simu ikaita, binamu alikuwa amewasha kuni palepale kwenye jiwe lake la mtandao, kwa akili ya hali ya juu.

"Yaya, munaona moto?"

"Tunaona mingi!"

"Wangu njo ule mudogo!"

"Midogo ipo minane!"

"Ule muzuri, yaya! Ule uko unawaka muzuri!"

Mjomba akanyang'anya simu na kumwamuru auzime, ili tuone upi umepotea. Tukakodoa macho. Baada ya muda kidogo mjomba akasema umezimika wa kulia, shangazi akasema hapana, wa kushoto, shemeji akaapa kwamba yeye ameona miwili ikizimika kwa mpigo, na babu akatangaza kwamba ule wetu haukuzimika kabisa, maana moto wa Ubwari hauzimwi na mtu mmoja. Binamu alikuwa bado hewani. "Nishauzima, yaya. Sasa niko mu giza. Nishuke?"

Shemeji akarudi Moshi bila kuiona Ubwari. Aliagana na babu vizuri sana. Mlangoni akaninong'oneza kwamba hata Kilimanjaro hujifunika mawingu siku nyingine, nisijisikie vibaya. Huruma ya mtu wa mlima mkubwa inauma kuliko dharau yake.

Oktoba nikavuka mwenyewe. Kulikuwa na kilio upande wa Baraka, familia ikanituma na rambirambi. Nilipanda boti ya mizigo kutoka Kibirizi, nikakaa juu ya mifuko ya saruji usiku kucha pamoja na mama mmoja mwenye kuku ambaye hakuacha kunishauri namna ya kukaa. Kulipokucha tulikuwa tumeshaipita ncha ya rasi na kuingia ghubani. Hapo nikamwelewa Burton. Ukiwa majini, na kaskazini yake yote ni maji, Ubwari inasimama peke yake na huwezi kudhani kwamba huko nyuma imeshikana na kitu chochote. Nikamsamehe kisiwa chake.

Baraka asubuhi, mlima ni ukuta mweusi. Sisi jua linatuzamia upande ule. Wao linawachomozea humohumo, kwa hiyo asubuhi yote Ubwari inawapa mgongo wa kivuli, na mchana ndipo inapojaa rangi: majani, mashamba ya mihogo, makovu mekundu ya maporomoko. Uko pale, mkubwa, karibu kuugusa, na hakuna mtu hata mmoja anayeutazama. Wanawake wanaanika ndakala, dagaa kwa lugha ya kwao, mchangani wameupa mgongo. Vijana wa pikipiki wamepanga foleni wameupa mgongo. Nilimuuliza mzee mmoja ni mahali gani mjini pazuri pa kuutazamia, akanitazama mimi.

Nikatoa simu nimpigie picha shemeji. Nilikuwa nimeshapiga mbili nilipohisi kivuli. Askari, bunduki begani, uso haucheki.

"Unapiga picha ya nini?"

"Ya mlima, afande."

Akautazama mlima kwa muda, kana kwamba ni mara ya kwanza anaambiwa upo.

"Mlima umefanya nini?"

Nimewahi kuulizwa maswali na maofisa wa nchi mbili, lakini hilo sikuwa na jibu lake. Nikamweleza habari zote: babu, shemeji, Moshi, kioo, moto. Watu wakaanza kukusanyika. Mmoja akaketi kabisa. Askari akanyoosha mkono, nikampa simu, nikajua imekwenda. Akafungua picha, akazisogeza, akakunja uso. "Umeukata kichwa," akasema. "Na hii waya ya umeme imepita katikati." Akanishika mkono akanipeleka hatua kadhaa mbele, kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akaniambia nipande juu yake. Kisha akaahirisha kazi za ulinzi wa taifa na kuwaamuru watu wote waliokuwa mbele ya mlima wasogee.

Binamu alikuja kwenye kilio kwa mtumbwi, akivuka ghuba. Baada ya mazishi tukakaa kwenye sombe na ugali wa mihogo, mlima mbele yetu, mchana mweupe. Nikamwambia, ndugu yangu, leo hatuna moshi, hatuna saa mbili mbili. Nionyeshe mahali ulipowasha moto. Akacheka. Moto aliuwasha upande wa pili, unaotazama Tanzania. Kutoka Baraka hauonekani. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Yeye na majirani zake jioni hupanda juu kutazama taa za Kigoma. Wanabishana kila siku. Mmoja anasema taa zile ni Kigoma, mwingine anasema ni Ujiji, na mzee mmoja wa kijiji, ambaye habishiwi, amewaambia wote kwamba Kigoma ni ile iliyo nyuma ya hizo zinazoonekana. Nikahisi nimemkuta shangazi wa upande ule.

Kumbe nasi ni wa mbali wa mtu.

Niliporudi, mvua za kwanza za Novemba zikapiga, na mimi nikapigwa na malaria. Zahanati moja ya mjini, iliyo juu kidogo kwenye mteremko, wakanipa kikopo cha kipimo wakanielekeza chooni. Usiku mzima ilikuwa imenyesha. Choo kile kina dirisha dogo juu, halina kioo, nondo tatu tu. Nikiwa nimeshika kikopo changu nikatupa macho nje, na pale, kaskazini-magharibi, palikuwa na kitu ambacho Julai yote ilikuwa imetuficha: si mstari mmoja wa milima, ni miwili. Mmoja wa nyuma, umefifia, huo ni bara. Mmoja wa mbele, umekolea, umejitenga, unaonekana hata mikunjo. Moshi wa kiangazi huwa unaibandika yote miwili kuwa kitu kimoja. Mvua ilikuwa imeibandua.

Nilikaa humo mpaka wakagonga. Nesi aliniuliza kama nahitaji msaada.

Jioni mwalimu alikuja na dira yake, akaingia chooni, akatoka akiwa na uso wa mtu aliyehitimu. Kesho yake, baada ya mvua nyingine, tukamleta babu. Mapokezi wakauliza nani mgonjwa, shangazi akajibu, "Wote." Ikabidi tulipie kadi. Tukamwingiza babu, tukamsimamisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, mjomba kamshika kiuno, mimi nimeshika fimbo yake. Nyuma yetu foleni ya wagonjwa halisi ilikuwa inarefuka na kunung'unika. Babu akatazama kimya muda mrefu sana. Tukasubiri machozi, au dua.

"Umepungua," akasema, akaomba kushushwa.

Picha niliyoipiga kwenye dirisha lile nikaituma Moshi. Shemeji akajibu kwamba anaona nondo tatu na anatuombea afya njema. Sikubishana naye. Mwaka 2020 mtu alipiga picha ya Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ukionekana nyuma ya maghorofa ya Nairobi kutoka zaidi ya kilomita 130, na nusu ya watu wa Nairobi wenyewe wakasema imechezewa kwenye kompyuta. Ikiwa mtu wa Nairobi anaweza kuukana mlima wa jina la nchi yake, mimi na dirisha la choo nitamshawishi nani?

Kwa hiyo msomaji, ukitaka kuiona Ubwari kutoka Kigoma, usije kiangazi. Njoo kati ya Novemba na Aprili, asubuhi ya siku inayofuata mvua kubwa, kabla jua halijapanda sana, ulipe jua mgongo. Panda kilima chochote; hoteli si lazima. Tazama kaskazini-magharibi, tafuta safu ya mbele iliyokolea kuliko ya nyuma. Ukimkuta hapo mzee amekaa kitini, mwamkie vizuri, mwulize hali ya nyumbani, mwulize bei ya migebuka. Habari za mlima usimuulize.